Wanawake Walioitwa Sadako



Mwaka 1991 Sadako wawili walijitokeza mbele ya watu. Wa kwanza alikuwa profesa wa siasa na historia, mwanamke mfupi wa miaka 63, aliyeondoka Tokyo kwenda Geneva kushika wadhifa wa Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Wakimbizi. Huyo ni Sadako Ogata. Wa pili ni mzimu wa kitabuni. Mwaka huohuo mwandishi Koji Suzuki alichapisha riwaya iitwayo Ring, na ndani yake mna msichana aliyeuawa akatupwa kisimani, na laana yake ikawa inasafiri kwa kanda ya video. Naye aliitwa Sadako.

Leo ukimtajia kijana wa Kijapani jina hilo, anayemjia kwanza akilini ni yule wa kisimani. Ukimuuliza mbona siku hizi hakuna mtoto mchanga anayeitwa Sadako, atakujibu upesi: nani ampe mwanawe jina la mzimu? Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba jina hili lilikwisha kuachwa kabla mzimu haujatoka kisimani. Kilichobadilika ni kile ambacho mzazi wa Kijapani anamwombea binti yake. Na wanawake wenyewe waliolibeba jina walilitia maana ambayo waliowapa hawakuwahi kuiwaza.

Tuanze na maandishi, kwa sababu Japani jina ni sauti na tena ni maandishi, na viwili hivyo havilazimiki kwenda pamoja. Sehemu ya mwisho, ko, maana yake ni mtoto, na huandikwa 子. Sehemu ya kwanza, sada, inaweza kuandikwa kwa kanji nyingi, yaani herufi zenye asili ya Kichina. Iko 定, yenye maana ya kuthibiti na kutulia. Iko 節, ambayo asili yake ni pingili ya mwanzi, na kutokana na pingili ikabeba maana ya kiasi na staha. Iko 禎, yaani heri. Na iko 貞, ambayo ndiyo watu wengi wanaiona wakisikia Sadako. Kwa zaidi ya karne nzima daftari la familia linalotunzwa na serikali liliandika maandishi ya jina peke yake, bila kueleza kanji zake zinatamkwaje. Matamshi yalianza kuingizwa rasmi Mei 2025.

Hiyo 貞 nataka tuitazame kwa karibu. Huandikwa kwa mistari tisa. Ile alama ndogo ya juu ni alama ya ramli. Chini yake pana umbo ambalo leo linafanana na kauri, lakini zamani lilikuwa chungu cha shaba chenye miguu. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wafalme wa Shang huko China walikuwa na waganga wa kupiga ramli. Mganga alichukua gamba la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe, akalitoboa vishimo upande wa nyuma, akaliunguza kwa moto mpaka likapasuka, kisha zikasomwa zile nyufa. Je, mvua itanyesha? Je, mke wa mfalme atajifungua salama? Maswali yenyewe yalichongwa juu ya gamba, na katika maelfu ya magamba yaliyofukuliwa Anyang, neno linalotangulia swali ni hilohilo 貞. Maana yake ilikuwa kuuliza, kutafuta jibu lililo sahihi kabla ya kutenda.

Kutoka hapo neno likasogea. Jibu sahihi likawa usahihi, usahihi ukawa uthabiti, kusimama pasipo kuyumba. Mafundisho ya Kikonfusio yakaushika uthabiti huo na kuugawa mafungu mawili. Mwanamume mwenye 貞 alikuwa mwaminifu kwa bwana wake, na samurai wengi waliibeba kanji hii katika majina yao. Mwanamke mwenye 貞 alikuwa mwaminifu kwa mume mmoja, hata mume huyo akiwa ameshazikwa. Ilipofika enzi ya Mfalme Meiji, fungu la wanawake lilikuwa limelimeza lile jingine. Nasikitika kila nikiufuata mwendo huo, kwa sababu neno lililoanza kwa kuuliza liliishia kumwambia mwanamke asiulize.

Sadako wa kwanza mwenye umaarufu ni wa kasri la Kyoto. Alizaliwa mwaka 977, binti wa ukoo wa Fujiwara, akaolewa na Mfalme Ichijo. Jina lake huandikwa 定子. Vitabu vingi humwita Teishi, kwa matamshi yenye asili ya Kichina, kwa kuwa hatuna hakika jina lake lilitamkwaje na waliomzunguka. Wengine humsoma Sadako. Wakati huo majina ya wanawake yalifichwa sana. Sei Shonagon, mwandishi aliyemtumikia malkia huyo na kumsifu katika kitabu chake Makura no Soshi, jina lake la kuzaliwa halijulikani kabisa. Hilo tunalomwita ni la utumishi. Baba yake Teishi alikufa mwaka 995, na ami yake, Michinaga, akatwaa madaraka. Mwaka 1000 Michinaga akamwingiza binti yake mwenyewe kuwa malkia wa pili wa mfalme huyohuyo. Teishi alifariki kwa uzazi kabla mwaka huo wa kalenda yao haujaisha, akiwa na miaka ishirini na kitu. Waliombeba katika kumbukumbu ni waandishi, na zaidi ya wote huyo Sei Shonagon.

Zamani ko mwishoni mwa jina la mwanamke ilikuwa alama ya kasri na uungwana. Mwanamke wa kijijini hakuwa nayo. Yeye aliitwa Ume, Kiku, Matsu, au Sada tupu, silabi mbili zikaandikwa kwa herufi nyepesi, na nyumbani akaitwa O-Sada. Mmoja wa hao Sada alizaliwa Tokyo mwaka 1871, akawa geisha, kisha mwigizaji kwa jina la Sadayakko. Mwaka 1900 alicheza Paris wakati wa Maonyesho ya Dunia, na mji mzima ukamzungumzia. Kanji ya kwanza ya jina lake ilikuwa 貞. Mwanamke aliyejipatia riziki jukwaani mbele ya wageni alibeba jina la mke mtulivu wa nyumbani, na alilibeba kwa fahari duniani kote.

Meiji ikalegeza mipaka ya matabaka. Mwaka 1875 kila raia alilazimika kuwa na jina la ukoo. Ko nayo ikaanza kushuka kutoka kasri hadi mitaani, na wanawake waliosoma ndio waliotangulia. Tsuda Ume, aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto wa miaka sita na baadaye akaanzisha chuo cha wanawake Tokyo mwaka 1900, alilibadilisha jina lake rasmi kuwa Umeko mwaka 1902. Ndiye yule ambaye tangu 2024 sura yake iko kwenye noti ya yeni 5,000. Kuanzia miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1950, karibu majina yote kumi yaliyopendwa zaidi kwa wasichana wa Japani yaliishia na ko. Mfalme Hirohito aliporithi kiti cha enzi na enzi mpya ikaitwa Showa, wazazi wakaichomoa kanji ya pili ya jina la enzi wakawaita binti zao Kazuko. Sadako halikuwa juu kama Kazuko, lakini lilikuwa jina la kawaida kabisa, la heshima, ambalo hakuna aliyeshangaa kulisikia.

Heshima hiyo ilitokana kwa sehemu na kasri. Mwaka 1900 mrithi wa kiti cha enzi alimwoa binti wa ukoo wa Kujo aitwaye Sadako, 節子, aliyezaliwa mwaka 1884. Utoto wake wa mwanzo alilelewa na familia ya wakulima huko Koenji, ambayo enzi hizo ilikuwa kijiji. Huyu ndiye aliyekuwa Malkia wa enzi ya Taisho na mama yake Hirohito. Uzito wa jina lake ulionekana mwaka 1928. Mwanawe wa pili, Mwanamfalme Chichibu, alikuwa anamwoa binti wa balozi Matsudaira, jina lake Setsuko. Setsuko naye aliandikwa 節子. Matamshi tofauti, maandishi yaleyale, na mkwe hawezi kubeba maandishi ya jina la mama mkwe wake ambaye ni malkia. Basi bibi harusi akabakia Setsuko kwa sauti lakini akapewa kanji mpya kabisa, 勢津子, moja imetolewa katika jina la Ise, penye hekalu kuu la kifalme, na nyingine katika Aizu, asili ya ukoo wake. Malkia Sadako alipofariki mwaka 1951 alipewa jina la baada ya kifo, Teimei, 貞明. Ile 貞 aliyoikosa alipokuwa hai, akapewa alipokufa.

Lipo jambo la nyumba yake ambalo lazima nilitaje. Mfalme Meiji, baba mkwe wake, alikuwa na masuria, na mrithi wake mwenyewe alizaliwa na suria. Malkia Sadako alizaa wana wanne, na mumewe hakuweka suria. Kwa ufalme huo halikuwa jambo dogo. Lakini nje ya kasri sheria ilisema vingine. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1907, kifungu cha 183, ilimfunga mke aliyezini hadi miaka miwili, pamoja na mwanamume aliyezini naye. Mume aliyetoka nje ya ndoa hakuwa na kosa, maadamu mwanamke aliyemwendea si mke wa mtu. Shuleni wasichana walifundishwa kuwa mke mwema na mama mwenye hekima. Mzazi aliyemwandika binti yake 貞子 mwaka 1915 au 1925 alikuwa akiandika dua ambayo nyuma yake kulikuwa na polisi. Sisemi kwamba wazazi hao walikuwa wakatili. Walimtakia mtoto wao usalama katika dunia waliyoijua.

Tufike Hiroshima. Sadako Sasaki alizaliwa huko Januari 1943. Jina lake liliandikwa 禎子. Ile 禎 ni 貞 iliyowekewa ubavuni alama ya madhabahu, na maana yake ni heri, baraka inayoteremka. Wazazi wake walimwombea heri, si utawa. Bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa na miaka miwili, nyumba yao ikiwa umbali usiofika kilomita mbili kutoka penye kitovu. Aliponea, akakua, akawa mkimbiaji hodari darasani. Februari 1955 alilazwa hospitali ya Msalaba Mwekundu kwa saratani ya damu. Wagonjwa walikuwa wamepelekewa korongo wa karatasi kwa ajili ya kuwafariji, na yeye akaanza kukunja wa kwake, maana Wajapani husema mwenye kukunja korongo elfu hupata ombi lake. Karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo alitumia za kufungia dawa. Baadhi ya korongo hao wamehifadhiwa: ni wadogo mno, wengine si wakubwa kuliko ukucha, na ili kuwakunja alitumia ncha ya sindano. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1955, akiwa na miaka 12. Kitabu cha watoto cha Eleanor Coerr cha mwaka 1977, kilichosomwa nchi nyingi, kinasema alifikisha 644 tu na wenzake wakamalizia. Familia yake na makumbusho ya Hiroshima husema alivuka elfu. Nawaamini wao. Mtoto huyu alimaliza kazi aliyojiwekea, na si haki kumpunguzia ili hadithi ilize watu zaidi. Wanafunzi wenzake walikusanya michango katika shule za nchi nzima, na Mei 1958 sanamu ya watoto ikasimama katika bustani ya amani.

Mji huohuo ulikuwa na Sadako mwingine, mshairi Sadako Kurihara, aliyezaliwa mwaka 1913, naye 貞子. Shairi lake la mwaka 1946 juu ya mwanamke aliyejifungua gizani, chini ya jengo lililobomoka, katikati ya majeruhi, linajulikana Japani nzima. Mimi namheshimu zaidi kwa alilofanya baadaye. Alisimama akawaambia Wajapani wenzake kwamba hawawezi kuililia Hiroshima bila kutaja waliyowatendea watu wa China, Korea na Ufilipino. Maneno hayo hayakupendwa, na aliendelea kuyasema. Uthabiti wa 貞 ulikuwa umempata mwenyewe wa kuutumia apendavyo.

Sasa hesabu miaka. Katiba mpya ilianza kutumika Mei 1947, ikatamka usawa wa mume na mke. Mwaka huohuo kifungu cha 183 kikafutwa. Kizazi kilichofuata hakikuona sababu ya kumwandikia binti neno la utawa. Ko yenyewe nayo ikaanza kupungua. Miaka ya 1980 majina kama Ai, Mai na Mami yalikuwa yameshika nafasi za juu, na leo ni Himari, Tsumugi, Rin, majina ya jua, nyuzi na sauti nyororo. Ko imebaki na nguvu katika familia ya kifalme, kwa akina Aiko na Kako. Kwa hiyo Koji Suzuki alipoandika riwaya yake mwaka 1991, Sadako lilikuwa tayari jina la bibi. Mwenyewe alilijua hilo: mzimu wake, Sadako Yamamura, katika hadithi alizaliwa mwaka 1947. Alihitaji jina la kizazi kilichopita, la kijijini kidogo, linalonuka kabati la zamani. Na kisima hakukibuni. Mizimu ya wanawake waliotupwa visimani ni hadithi kongwe Japani. Katika ngome ya Himeji wageni huonyeshwa kisima cha Okiku, mtumishi aliyeuawa ambaye usiku husikika akihesabu sahani.

Filamu ya mwaka 1998, ya mwongozaji Hideo Nakata, ndiyo iliyokaza fundo. Zile nywele ndefu nyeusi zilizofunika uso, gauni jeupe, mwili unaotambaa ukatoka ndani ya televisheni: baada ya hapo hapakuwa na mtoto ambaye angeweza kuitwa Sadako shuleni akaachwa kwa amani. Waliotengeneza filamu ya Marekani mwaka 2002 walimwita mzimu wao Samara. Huko Japani biashara ya mzimu iliendelea, hadi mwaka 2012 mtu aliyevalishwa kama Sadako akarusha mpira wa kufungua mechi ya besiboli katika uwanja wa Tokyo Dome. Ninawafikiria akina mama na mabibi waliozaliwa kabla ya vita, ambao jina walilolipata kwa heshima liligeuzwa kitisho na kikaragosi mbele ya wajukuu wao.

Lakini katika miaka hiyo ya mzimu, Sadako Ogata, yule profesa niliyeanza naye, alikuwa kazini huku kwetu Afrika. Ogata alizaliwa mwaka 1927, 貞子. Babu wa mama yake, Waziri Mkuu Inukai Tsuyoshi, aliuawa kwa risasi na maofisa wa jeshi la majini tarehe 15 Mei 1932, mtoto akiwa na miaka minne. Alipokuwa mkubwa aliandika tasnifu ya udaktari huko Berkeley juu ya namna jeshi lilivyoiteka Manchuria mwaka 1931 na kuiburuta serikali nyuma yake. Yaani alikwenda kuuliza ni nini kilichomuua mzee wake.

Miaka mitatu baada ya kufika Geneva, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya saa 24. Julai, watu wapatao milioni moja wakaingia Goma, Zaire, kwa siku chache, juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika kaburi wala choo. Kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Na ndani ya kambi walikuwamo wauaji wenyewe, wanamgambo na askari wa serikali iliyofanya mauaji ya kimbari, wakigawa chakula cha msaada kwa amri zao. Ogata aliomba majeshi ya kimataifa yawatenganishe wenye silaha na wakimbizi. Mataifa yakakataa. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likaondoka Goma Novemba 1994, likisema haliwezi kuwalisha wauaji. Yeye akabaki, kwa hoja kwamba walio wengi kambini ni wanawake na watoto. Mwaka 1995 shirika lake likawa linawalipa askari wapatao 1,500 wa Zaire kulinda kambi, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

Wapo wanaomlaumu mpaka leo, na baadhi ya lawama ninaziunga mkono. Desemba 1996 serikali ya Tanzania ilitangaza, pamoja na shirika lake, kwamba Wanyarwanda wawe wamerudi kwao mwisho wa mwezi. Waliotaka kukimbilia ndani zaidi ya nchi walirudishwa na askari. Kurudi kwa namna hiyo hakukuwa hiari. Pamoja na hayo, simwoni kiongozi mwingine wa wakati ule aliyekwenda mwenyewe kwa wakimbizi mara nyingi kama yeye, wakati mwingine akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi, akauliza maswali na kwenda New York kuwaambia wakubwa majibu wasiyoyataka. Mwaka 2002 alikataa kuwa waziri wa mambo ya nje wa Japani. Mwaka uliofuata akashika uongozi wa JICA, shirika la Japani la misaada ya maendeleo ambalo wengi wetu tumeliona barabarani na mashambani, akalisukuma lielekeze macho zaidi Afrika na kuwatoa wafanyakazi wake Tokyo waende wanakohudumia. Alifariki Oktoba 2019, akiwa na miaka 92.

Hakuna sheria inayolikataza jina hili. Mwaka 1993 mzazi mmoja wa mji wa Akishima alitaka kumwandikisha mwanawe Akuma, yaani ibilisi, manispaa ikapinga na kesi ikatikisa nchi. Sadako halijawahi kufikia huko. Wanaolikwepa ni wazazi wenyewe. Naamini wapo watakaolirudia, kwa sababu majina ya mabibi yana tabia ya kurudi kizazi cha vitukuu, na kwa sababu kanji ya heri, ile ya Sadako Sasaki, ingali inaruhusiwa kuandikwa. Mimi ningekuwa mzazi huko, ningeichukua hiyo.